Usanisinuru: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanafunzi na Wakulima

Baadhi ya maswali haya huulizwa na wanafunzi wanaojiandaa na mtihani wa sayansi. Mengine huulizwa na watu wenye shamba wanaotaka kujua kwa nini mahindi yao yamedumaa wakati ya jirani yanachanua. Tumeyaweka pamoja kwa sababu jani ni lile lile. Si lazima usome kwa mpangilio; nenda kwenye swali linalokuhusu.

Usanisinuru ni nini kwa maneno machache?

Ni kazi ya mmea kutengeneza sukari kwa kutumia maji, hewa ya ukaa (kabonidayoksaidi) na nishati ya mwanga. Kwa hesabu ya kemia, molekuli 6 za hewa ya ukaa na 6 za maji hutoa molekuli 1 ya glukosi na 6 za oksijeni. Mwanga hauonekani kwenye hesabu hiyo kwa sababu hauna uzito, lakini ndio unaofanya kazi yote, na nishati yake hubaki imefungiwa ndani ya sukari. Ukila ugali ukapata nguvu ya kulima, nguvu hiyo ni jua la msimu uliopita.

Lakini mmea unapata chakula chake udongoni, sivyo? Ndiyo maana tunaweka mbolea.

Hapana, na hili ndilo kosa sugu kuliko yote kwenye karatasi za mitihani. Udongo huupa mmea maji na madini. Mwili wenyewe wa mmea, yaani kaboni iliyomo kwenye mbao, nyuzi, wanga na mafuta, umetoka hewani.

Aliyelipima jambo hili kwa mizani mapema kabisa ni Jan Baptist van Helmont, tabibu wa Brussels. Alijaza chombo ratili 200 za udongo uliokaushwa kwenye tanuri, akapanda mche wa ratili 5, kisha akawa anaumwagilia maji tu. Baada ya miaka 5 mti ulikuwa na ratili 169 na ushee. Akaukausha tena ule udongo, akaupima: ulikuwa umepungua wakia 2 hivi, uzito wa kiganja cha mchanga. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1648, yeye akiwa ameshafariki. Hitimisho lake lilikuwa kwamba mti wote umetokana na maji. Alipata nusu ya jibu. Hewa hakuihesabu, na kinachochekesha ni kwamba mtu huyo huyo ndiye aliyekuwa ameeleza gesi inayotoka kwenye mkaa unaoungua, ambayo leo tunajua ndiyo hewa ya ukaa.

Kwa hiyo gunia la mahindi la kilo 100 linalotoka shambani, karibu uzito wake wote ulikuwa hewa na maji miezi minne au mitano iliyopita. Mbolea inahitajika, ila kwa kazi nyingine. Tazama swali la majani ya njano.

Ndani ya jani kunatokea nini hasa?

Chuma jani la maharage uligeuze. Ngozi ya upande wa chini ina maelfu ya vitundu visivyoonekana kwa macho matupu, vinaitwa stomata. Kila kitundu kimezungukwa na seli mbili za ulinzi. Zikijaa maji hujipinda na kitundu hufunguka. Zikipungukiwa hulegea na kitundu hufunga. Hewa ya ukaa huingilia hapo, na mvuke wa maji hutokea hapo hapo. Mmea hauna mlango wa kuingizia hewa ambao haupotezi maji, na taabu zake nyingi wakati wa kiangazi zinaanzia kwenye jambo hilo moja.

Ndani ya seli za jani kuna vifuko vya kijani viitwavyo kloroplasti. Humo kazi hufanyika kwa hatua mbili.

Hatua ya kwanza inategemea mwanga moja kwa moja. Umbijani (klorofili) ukipigwa na mwanga, elektroni zake hupanda nguvu na kuanza kupokezanwa kutoka molekuli moja hadi nyingine kwenye utando mwembamba. Pengo la elektroni zilizoondoka huzibwa kwa kuvunja maji. Maji yakivunjwa, oksijeni huachiliwa. Mwisho wa hatua hii mmea unakuwa na vibeba nishati vya aina mbili, ATP na NADPH.

Hatua ya pili hutumia vibeba nishati hivyo kujenga sukari. Kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kemia ndani ya seli) kiitwacho rubisko hunasa hewa ya ukaa na kuiunganisha na sukari yenye kaboni 5. Zao lake hukatika vipande viwili vya kaboni 3, na mzunguko unaendelea hadi sukari inapopatikana na ile ya kaboni 5 kurudishwa kama ilivyokuwa. Melvin Calvin, Andrew Benson na James Bassham waliufuatilia mzunguko huu huko California kwa kulisha mwani mdogo wa kijani kaboni yenye mnururisho, kisha kuuua baada ya sekunde chache na kuangalia kaboni hiyo imefika wapi. Calvin alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1961.

Vitabu vingine huiita hii ya pili "hatua ya giza", na wanafunzi hudhani inafanyika usiku. Inafanyika mchana, sambamba na ya kwanza. Mwanga ukiondoka, ATP na NADPH huisha upesi na mzunguko husimama.

Oksijeni tunayovuta imetoka kwenye hewa ya ukaa au kwenye maji?

Kwenye maji. Kwa muda mrefu watu walidhani mmea unaigawanya hewa ya ukaa, unabaki na kaboni na kutema oksijeni. Mwaka 1941 Samuel Ruben na Martin Kamen waliupa mwani maji yenye oksijeni nzito kuliko ya kawaida, na oksijeni nzito hiyo ndiyo iliyotoka. Ukiulizwa kwenye mtihani, usijichanganye.

Kwa nini majani ni ya kijani? Na mchicha mwekundu je?

Umbijani hufyonza zaidi mwanga mwekundu na wa buluu, na sehemu kubwa zaidi ya ule wa kijani ndiyo inayorudi kwenye macho yetu. Mchicha mwekundu unao umbijani kama mchicha mwingine, ila umefunikwa na rangi nyingine yenye nguvu. Majani machanga ya mwembe, yale yanayotoka yakiwa na wekundu wa kahawia, vilevile yana rangi ya kinga. Yakikomaa hugeuka kijani. Wekundu hauna maana kwamba jani halifanyi kazi.

Ni mambo gani yanayoathiri kasi ya usanisinuru?

Mwanga, hewa ya ukaa, joto, maji, na afya ya jani lenyewe pamoja na madini yaliyomo. Orodha hiyo kila mwanafunzi anaijua. Kinachosahaulika ni namna yanavyofanya kazi pamoja, nayo ilielezwa vizuri na Mwingereza Frederick Blackman mwaka 1905: kasi hupangwa na kile kilicho haba kuliko vingine kwa wakati huo. Mama lishe mwenye gunia zima la unga na mkaa wa sufuria moja hatapika ugali zaidi kwa kuongezewa unga.

Hii si nadharia ya darasani tu. Mkulima anayeongeza urea (mbolea ya nitrojeni) kwenye mahindi yaliyokauka kwa ukame anaongeza kitu kisichokosekana. Anayemwagilia kila siku bustani iliyoko chini ya mwembe mkubwa anafanya vivyo hivyo, maana pale kinachokosekana ni mwanga. Kabla ya kutoa pesa mfukoni, jiulize kwanza ni nini kinachobana. Na jibu hubadilika siku hiyo hiyo: asubuhi na mapema hubana mwanga, na kufikia saa saba mchana mara nyingi hubana maji.

Mwanga ukiongezeka maradufu, kasi nayo inaongezeka maradufu?

Mwanzoni ndiyo, au karibu na hapo. Kadiri mwanga unavyozidi, kasi hupanda polepole zaidi, kisha hufika mahali haipandi tena. Jani limeshiba. Mimea hutofautiana sana juu ya lini inashiba. Jani la mahindi juani huendelea kunufaika karibu hadi jua kali la mchana. Jani la kahawa aina ya arabika hushiba kwa sehemu ndogo tu ya jua hilo, maana asili yake ni mti wa chini ya misitu ya nyanda za juu za Ethiopia. Ukipita kwenye kihamba (shamba la nyumbani) cha Wachagga pale Kilimanjaro utaona migomba juu na kahawa chini yake. Mbuni chini ya kivuli chepesi haupotezi kitu kikubwa, na huepuka kuunguzwa.

Maana mwanga uliozidi nao huumiza. Nishati ikipokelewa kuliko inavyoweza kutumika, huharibu mitambo ya kloroplasti. Miche iliyolelewa kivulini ikatolewa ghafla juani hupauka majani ndani ya siku chache kwa sababu hiyo. Izoeshe kwanza kwa kupunguza kivuli kidogo kidogo.

Kwenye shamba lililobanana kuna tatizo la kinyume: majani ya juu yameshiba, ya chini yako gizani. Jani la chini lisilopata mwanga wa kutosha hutumia sukari kuliko inayotengenezwa humo, na hatimaye mmea huliacha linyauke. Nafasi inayoshauriwa kati ya mistari ya mahindi, kama sentimita 75, imezingatia hilo pamoja na maji na mbolea. Vumbi nalo ni kivuli: majani kando ya barabara ya changarawe wakati wa kiangazi hupokea mwanga pungufu, na plastiki ya kitalu nyumba isiyooshwa hufanya hivyo hivyo kwa nyanya zilizo ndani.

Taa ya umeme au mbalamwezi inaweza kutosha?

Mbalamwezi haitoshi hata kidogo. Ukali wa mwanga hupimwa kwa laksi: jua la mchana wazi hufika kama laksi 100,000, na mwezi mpevu haufikishi hata laksi moja. Taa ya kawaida ya sebuleni hutoa laksi mia chache tu. Ua la kivuli linaweza kuvumilia, lakini pilipili hoho haitazaa. Taa maalumu za kukuzia mimea zinafanya kazi kwa sababu ni kali na huwekwa karibu sana na jani. Mtu wa Afrika Mashariki mwenye karibu saa 12 za mchana mwaka mzima afikirie mara mbili kabla ya kulipia umeme huo.

Joto lina mchango gani?

Vimeng'enya hufanya kazi polepole kwenye baridi na huharibika kwenye joto kali. Kwa mimea mingi kama maharage, ngano, viazi na mpunga, hali nzuri ni kati ya nyuzi 20 na 30 za Selsiasi. Mahindi na mtama hustawi hata kwenye nyuzi 30 na zaidi. Hii ni sehemu ya sababu mahindi ya Njombe au Kitale hukaa shambani miezi mingi kuliko ya ukanda wa pwani.

Joto lina hila nyingine pia. Rubisko ina kasoro: mara nyingine, badala ya hewa ya ukaa, hunasa oksijeni. Ikifanya hivyo, mmea hulazimika kutumia nishati kurekebisha, na hupoteza kaboni iliyokuwa imeshapatikana. Kadiri joto linavyopanda, kosa hilo huongezeka.

Mahindi yangu yanajikunja mchana, jioni yananyooka. Yanaumwa?

Hayaumwi, yana kiu. Majani yakipoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoleta, stomata hufunga na jani hujikunja ili kupunguza eneo linalopigwa na jua. Lakini stomata zikifungwa, hewa ya ukaa haiingii tena, na usanisinuru hushuka hata kama jua linawaka. Kujikunja saa nane mchana na kunyooka jioni kunavumilika. Yakiamka asubuhi bado yamejikunja, mavuno yameshaanza kupungua, hasa kama ni wakati wa kutoa mbelewele na nywele za gunzi.

Wengi hudhani maji yanahitajika kwa sababu yanavunjwa kwenye usanisinuru. Kiasi kinachovunjwa ni kidogo mno: chini ya asilimia 2 ya maji yanayopandishwa na mizizi. Karibu yote yaliyobaki hutoka kama mvuke kupitia stomata. Ni ushuru wa kuingiza hewa ya ukaa. Ndiyo maana matandazo yanasaidia: yanaacha maji ya udongoni yapite kwenye jani badala ya kupotelea juani moja kwa moja.

Muhogo una tabia yake. Hewa ikikauka tu, hufunga stomata mapema, hata kabla udongo haujakauka sana. Hukua polepole wakati huo, lakini hufika upande wa pili wa kiangazi ukiwa hai.

Hewa ya ukaa inaongezeka duniani. Si habari njema kwa mimea?

Kwa kiasi fulani, kwa mimea fulani. Kabla ya viwanda hewa ilikuwa na sehemu 280 hivi za hewa ya ukaa katika kila milioni. Sasa zimepita 420. Kwa mpunga, ngano, maharage na muhogo, nyongeza hiyo huharakisha usanisinuru na kupunguza kosa la rubisko. Kwa mahindi na mtama faida ni ndogo, huonekana zaidi wakati wa ukame.

Halafu kuna upande wa pili. Ongezeko hilo limekuja na joto na mvua zisizotabirika, mambo yanayoweza kula faida yote. Pia mpunga na ngano vikikuzwa kwenye hewa ya ukaa nyingi, punje huwa na protini, zinki na chuma pungufu. Unapata sahani iliyojaa zaidi yenye lishe hafifu.

Kwa nini mahindi na mtama vinavumilia jua kuliko mpunga?

Kwa sababu vimeizunguka kasoro ya rubisko. Kata jani la hindi kwa wembe, uliangalie kwa darubini: kila mshipa umezungukwa na pete ya seli nene za kijani. Kwenye seli za nje, hewa ya ukaa hunaswa na kimeng'enya kingine ambacho hakichanganyi hewa ya ukaa na oksijeni, na hugeuzwa kuwa asidi yenye kaboni 4. Asidi hiyo hupelekwa kwenye ile pete, ikaachia hewa ya ukaa kwa wingi palepale rubisko ilipo. Rubisko ikizungukwa na hewa ya ukaa tele, haikosei.

Njia hii huitwa C4, na ilifafanuliwa na Hal Hatch na Roger Slack nchini Australia miaka ya 1960, wakitumia muwa. Waliomo kwenye kundi hili ni mahindi, muwa, mtama, ulezi, uwele, nyasi nyingi za mbugani na, jambo ambalo wengi hawalitarajii, mchicha. Mpunga, ngano, maharage, migomba, kahawa, chai na muhogo ni C3, yaani rubisko yake hunasa hewa ya ukaa moja kwa moja na zao la kwanza ni vile vipande vya kaboni 3. Gharama ya C4 ni nishati ya ziada, kwa hiyo kwenye baridi na kivuli mimea ya C3 ndiyo inayopata afueni.

Na mkonge? Nanasi?

Hao wamechukua njia ya tatu. Hufungua stomata usiku, wakati hewa ina ubaridi na maji hayapotei sana. Hewa ya ukaa inayoingia huhifadhiwa kama asidi. Kukicha hufunga stomata, kisha huitoa asidi akibani na kujenga sukari kwa mwanga wa mchana. Jani la mmea wa namna hii lina uchachu zaidi alfajiri kuliko jioni. Kasi yao ni ndogo, ndiyo maana nanasi linakuchukua zaidi ya mwaka mmoja.

Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, kutoka Florida. Kati ya vichipukizi 1,000, vilivyofika hai ni 62, navyo vikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mmea usiofungua stomata mchana ulikuwa na nafasi nzuri kuliko mwingine kustahimili safari ile ndefu, na bado wengi walikufa. Mashamba ya Tanga yalitokana na vile 62 vilivyosalia.

Majani yangu yamekuwa ya njano. Ni jua limezidi?

Mara nyingi ni madini yamepungua. Nitrojeni ni malighafi ya umbijani na ya rubisko, na rubisko peke yake hula sehemu kubwa ya nitrojeni ya jani. Kwenye mahindi, upungufu wa nitrojeni huanzia majani ya chini, ukichora umbo la V kutoka nchani kufuata mshipa mkuu. Magnesi iko katikati ya kila molekuli ya umbijani; ikipungua, majani ya zamani huwa njano kati ya mishipa huku mishipa ikibaki kijani. Chuma kikikosekana, huanza majani machanga.

Hapa ndipo samadi, CAN (mbolea nyingine ya nitrojeni) au urea zina maana: hazilishi mmea, zinajenga mitambo ya kuutengenezea chakula. Ila njano yenye mabaka na majani yaliyosokotana kwenye muhogo ni batobato, ugonjwa wa virusi. Mbolea haiutibu. Ng'oa, panda mbegu safi.

Nikichuma kisamvu kila wiki, mihogo itakuwa midogo?

Ndiyo, ukichuma sana. Wanga wa mhogo unatengenezwa kwenye jani halafu unasafirishwa chini. Ukichukua jani, umechukua kiwanda. Vichipukizi vichache kwa mpango havina shida. Kupukutisha shina zima kila wiki kuna shida. Kaya nyingi hupanda kisamvu mpira kando kwa ajili ya mboga, na muhogo wa kula hubaki na majani yake. Ni mpango mzuri.

Ni kweli kulala chini ya mti usiku, au kuweka maua chumbani, ni hatari?

Si kweli. Msingi wa imani hiyo una ukweli kidogo: mmea hupumua saa 24 kama sisi, na usiku, bila usanisinuru, hutumia oksijeni na kutoa hewa ya ukaa. Lakini kiasi ni kidogo sana. Mtu anayelala nawe chumba kimoja hutumia oksijeni nyingi kuliko vyungu vyote vya maua utakavyoweza kupanga dirishani. Kinachoua watu chumbani ni jiko la mkaa lililofungiwa ndani, kwa gesi tofauti kabisa, kaboni monoksaidi. Hilo ndilo la kuogopa. Chini ya mti nje, ogopa nyoka na tawi bovu.

Mwani wa Zanzibar nao unafanya usanisinuru chini ya maji?

Unafanya, ingawa kwa uainishaji si mmea wa kawaida: hauna mizizi ya kunyonya wala stomata. Hupata hewa ya ukaa na madini kutoka kwenye maji moja kwa moja, mwili wote. Aina zinazolimwa tangu 1989 kule Paje na Jambiani, spinosamu na kotonii, ni mwani mwekundu. Maji ya bahari humeza mwanga mwekundu kwanza na kuacha wa buluu na kijani kupita chini zaidi. Rangi nyekundu ya mwani huu ndiyo inayoukamata mwanga huo wa kijani na kuupitisha kwa umbijani.

Mwani huonyesha vizuri habari ya kinachobana. Kwenye maji ya kina kifupi mwanga ni tele, lakini bamvua likitoa maji wakati wa jua kali, maji yaliyobaki hupata moto. Kotonii haihimili. Hugeuka nyeupe, hulainika na kukatika kwenye kamba. Kotonii ndiyo yenye bei nzuri, na akina mama wengi wameikosa wakabaki na spinosamu. Kuisogeza kwenye maji yenye kina kunasaidia, lakini huko kunahitaji boti na kujua kuogelea, mambo ambayo mkulima wa vigingi na kamba hakuwa akiyahitaji.

Kiduha, mlangamia na uyoga navyo?

Uyoga haufanyi kabisa; ni kuvu, na hula vitu vilivyooza. Mlangamia, zile nyuzi za njano zinazofunika ua wa michongoma, una umbijani kidogo au hauna kabisa na hunyonya sukari ya mti uliodandiwa. Kiduha, gugu la mashamba ya mahindi, ni cha kijani na kina maua mazuri ya zambarau, ila usidanganyike: kinafanya usanisinuru hafifu, na kimejichomeka kwenye mzizi wa hindi kikivuta maji, madini na sukari. Kikichomoza juu ya ardhi, hasara nyingi imeshatokea.

Misitu ni mapafu ya dunia. Tukikata msitu wa Kongo tutakosa oksijeni?

Hatutakosa oksijeni. Msitu uliokomaa hutumia karibu oksijeni yote unayotengeneza, kwa kupumua kwake na kwa kuoza kwa majani na magogo. Karibu nusu ya usanisinuru wote wa dunia hufanywa na viumbe vidogo sana vya baharini. Sababu za kuutunza msitu wa Kongo ni nyingine na ni nzito kuliko hiyo: kaboni iliyolala kwenye miti na kwenye udongo wa mboji wa mabwawa yake, mvua unazozirudisha angani, na watu na wanyama wanaoutegemea.

Wanasayansi wanaweza kuuharakisha usanisinuru?

Wanajaribu. Kinadharia, mmea wa C3 unaweza kugeuza hadi asilimia 4.6 hivi ya nishati ya jua kuwa mwili wake, na wa C4 asilimia 6. Shambani mara nyingi hata nusu ya hapo haifikiwi. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga iliyoko Ufilipino, pamoja na vyuo vikuu kadhaa, imekuwa ikijaribu kuupa mpunga njia ya C4 tangu mwishoni mwa miaka ya 2000. Ugumu wake ni kwamba si suala la jeni moja. Inabidi hata mpangilio wa seli za jani ubadilike. Mpunga huo bado haujafika shambani.

Nataka kufanya jaribio la wanga kwenye jani. Nifuate hatua zipi?

Tumia maharage au haibiskasi ya kwenye chungu. Weka mmea kabatini siku mbili ili wanga wa zamani utumike wote. Funika sehemu ya jani moja kwa karatasi ya alumini, juu na chini, bila kulichuma. Toa mmea juani tangu asubuhi hadi alasiri.

Sasa chuma jani. Litumbukize kwenye maji yanayochemka dakika moja. Zima moto. Liweke kwenye kijaribio (neli ya kioo ya maabara) chenye spiriti, na kijaribio hicho ukisimamishe ndani ya maji yale ya moto. Spiriti hushika moto kirahisi, kwa hiyo usiipashe kamwe juu ya mwali. Utaona spiriti ikigeuka kijani na jani likibaki jeupe kama karatasi iliyolowa, likivunjika kwa urahisi. Lisuuze kwenye maji ya uvuguvugu lilainike, litandaze kwenye sahani nyeupe, lidondoshee iodini. Sehemu iliyopata jua itakuwa ya buluu nyeusi. Iliyofunikwa itabaki na rangi ya kahawia ya iodini yenyewe, na mpaka kati yake utakuwa umenyooka kama ukingo wa ile alumini.

Nimefanya hivyo na jani lote limekuwa jeusi. Au halikubadilika kabisa.

Jani lote likiwa jeusi, mmea haukukaa gizani vya kutosha au alumini ilipitisha mwanga pembeni. Lisipobadilika kabisa, angalia mambo matatu. Huenda umbijani haukutoka wote, na ukijani ukaficha rangi. Rudisha kwenye spiriti ya moto. Huenda siku ilikuwa ya mawingu mazito. Au ulitumia jani la kitunguu: kitunguu huhifadhi sukari, si wanga, na iodini haitaonyesha kitu hata likikaa juani mwezi mzima.